Ukili wa Mke Mwenzangu

Watoto wengi wakifika Kijiji cha Makumbusho, kule Kinondoni, hukimbilia ngoma. Wa kwetu, tuliyetoka naye Chanika kwa kuunga daladala, aligoma kuondoka kwenye nyumba ya Wazaramo. Aliona mkeka, akaupapasa mshono, akatangaza: "Wa Bibi huu!" Haukuwa wake. Lakini kitukuu aliyejifunzia kutambaa juu ya mikeka ya Bibi ana haki ya kudhani yote imetoka mkono mmoja.

Bibi wa mume wangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwa utani wetu sisi wawili tulikuwa wake wenza. "Mume wetu keshakula?" alikuwa akiniuliza kibarazani, macho yako barabarani, vidole vinaendelea na ukili.

Alikuwa mkali kwenye ukindu. Mkindu hupenda mabondeni penye maji, na kinachotakiwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka. Likishachanua limekomaa, halisukiki vizuri. Makuti huanikwa juani mpaka yaive weupe, ya rangi yakachemshwa, kisha yakachanwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hulowanishwa kidogo zisikatike. Ukili husukwa mrefu, ukaviringishwa, ukapimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Ndipo hushonwa, ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mshono wa Bibi ulikuwa unausikia kwa kidole tu, kwa macho huuoni.

Mkeka wake wa mwisho haukuwa na rangi. Aliuweka uvunguni bila kusema wa nini, na majirani hawakuuliza. Ndio alioshuka nao kaburini.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haidai meza, umeme wala mlango wa duka. Bibi alisuka akisubiri maji, akisuluhisha ugomvi wa watu, hata msibani. Na hilo ndilo linalomponza msukaji. Fundi cherehani ana kibanda, kwa hiyo ana bei. Mwanamke anayesuka huku anapiga soga huonekana anapoteza muda, na mnunuzi anamlipa kama aliyekuwa amepumzika. Mikeka ya plastiki imekuja kumalizia. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, nilidhani vikapu vya ukili vitarudi sokoni kwa kishindo. Wapi! Ikaingia mifuko mbadala ya bei ya chini, watu wakabeba hiyo.

Mimi nasema mkeka wa ukindu si wa bei ghali. Ni sisi tuliozoea kuupata kwa bei ya kuonea. Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta mama anauza wake kando ya barabara, kabla hujamwambia apunguze, muulize kwanza: humu mna ukili pima ngapi?