Ua kerneli, kompyuta haitikisiki

Jamani, virtme-ng, zana ya kujaribia kerneli! Unaingia kwenye folda ya msimbo wa Linux, unaandika vng --build, na kerneli ikishakompailiwa unaandika vng. Basi! Kufumba na kufumbua umo ndani ya kerneli mpya. Hakuna sudo, hakuna kugusa GRUB, hakuna kuzima mashine na kuomba Mungu iwake.

Andy Lutomirski ndiye aliyeanzisha virtme. Andrea Righi akaichukua na kuitia mbio ikawa virtme-ng, hata programu ya kwanza kuamka humo ikaandikwa upya kwa Rust. Lakini utamu wenyewe ni kwamba husakinishi mfumo mwingine wowote. Mashine pepe ya QEMU inaazima mafaili ya kompyuta yako mwenyewe, na unachobadilisha kinaishia kwenye nakala ya muda. Nimeingia kwa --user root, nikaifuta folda nzima ya picha kwa rm -rf. Ndani, ls haioni kitu. Nikatoka: picha zote zipo, hata ile ya mbuzi wa Idd.

Kisha nikaingia tena hivyo hivyo, nikaongeza -v ili nione kila ujumbe, nikaandika echo c > /proc/sysrq-trigger, yaani amri ya kuiangusha kerneli makusudi. «Kernel panic» hiyo kwenye skrini! QEMU ikajifunga, nikajikuta kwenye terminali yangu, na muziki haukukatika hata kidogo. Nikaiua tena, kwa raha zangu.

Kwa mwanafunzi aliye kwenye maabara ya chuo bila nywila ya msimamizi, hii ni sherehe. QEMU iwepo tu, na akaunti yake iruhusiwe kutumia /dev/kvm. Bila ruhusa hiyo kerneli itawaka, ila kwa mwendo wa kobe. Dereva ya kadi halisi ya Wi-Fi hutaipima humu kirahisi, maana kerneli inayojengwa ni nyepesi, ya kutosha QEMU tu. Na angalia: kufuta hakuvuki, lakini kusoma kunavuka. Msimbo usiouamini utaziona funguo zako za SSH kama unavyoziona wewe, kwa hiyo viraka vya kuokota usivijaribie hapa.

Huna subira ya kukompaili? vng -r v6.6 inashusha kerneli iliyokwisha kujengwa na Ubuntu na kuiwasha hapo hapo. Mimi sasa hivi naishusha 6.1.