Fundi Asiyebonyeza "Jaribu Tena"

Unasakinisha Debian kutoka kwenye flashi. Umeshachagua lugha na kibodi, halafu programu inakujibu kwamba imeshindwa kupanga mtandao. Wengi wetu tutabonyeza "jaribu tena" mpaka kidole kiume. Fundi hasa hakigusi kitufe hicho. Anainama nyuma ya mashine kuangalia taa ya tundu la waya. Ikiwa imezima, habari za mipangilio zinasubiri: kwanza abadilishe waya.

Ikiwa inawaka, anabonyeza Ctrl, Alt na F4, na kumbukumbu za usakinishaji zinajaa skrini. Hapa ndipo ninapowavulia kofia watu hawa. Hawasomi yote, wanatafuta mstari mmoja tu. DHCPDISCOVER ni hodi: kompyuta inauliza mtandao mzima ni nani atakayeipa anwani. Jibu la "karibu" ni DHCPOFFER. Hodi zikifuatana bila karibu, kadi ya mtandao inatambulika na draiva yake ipo, kwa hiyo fundi anaiacha mashine na kwenda kuikagua swichi na ruta. Huenda anwani za kugawa zimekwisha.

Pasipokuwa na hodi hata moja, anarudi kwenye kadi yenyewe. Kwenye Wi-Fi za Intel, kumbukumbu mara nyingi hulalamika kwamba faili la firmware la iwlwifi halipo. Fundi anayeijua Debian huuliza flashi ni ya toleo gani, maana hadi toleo la 11 mafaili hayo hayakuwekwa kwenye flashi rasmi kwa kuwa si programu huria. Wanachama wa mradi wa Debian walipiga kura ya kuyaruhusu mwaka 2022, na tangu toleo la 12, Juni 2023, yamo. Flashi ya zamani ikiwa ndiyo pekee iliyopo, anachomeka simu ya Android kwa waya wa USB na kugawa bando lake. Kwa kawaida mashine huiona simu kama kadi ya waya, kazi ikaendelea.

Anwani ikishapatikana na upakuaji bado ukagoma, anabonyeza Ctrl, Alt na F2 kufungua skrini ya amri na kupima hatua kwa hatua: ruta, kisha 8.8.8.8, kisha deb.debian.org. Namba ikijibu na jina likanyamaza, ugonjwa ni DNS, na dawa yake ni mstari mmoja ndani ya resolv.conf.

Ninaloliheshimu kuliko yote ni la saa. Kila kitu kinajibu, lakini apt inakataa faili la Release kwamba muda wake haujafika. Betri ya ubao mama imekufa, na mashine inaamini bado iko miaka ya nyuma. Asiyejua atalaumu kampuni ya intaneti siku nzima. Anayejua anaandika date, anacheka kidogo, anarekebisha tarehe.

Mteja hulipia "kupiga mfumo" tu, na usomaji wote huo haumo kwenye bei. Ukimpata fundi wa namna hii, usimharakishe, na usimpunguzie hela.