Ubeti Huru, Mhusika Mfungwa

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa naye ingawa kisiwa chake ni cha ziwani, Ukerewe, alitoa diwani ya Kichomi, na malenga walioshika vina na mizani wakaona nyumba yao imevunjwa mlango. Ugomvi ule umesimuliwa mno. Lililosemwa kidogo ni kwamba mtunzi aliyeufungua ubeti hakuwaachia njia wahusika wakuu wa riwaya zake za miaka ileile. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anamuua kiongozi wa chama pindi siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, naye ananyongwa.

Wahakiki wamezoea kumsoma Tumaini kwa swali la darasani: je, mwandishi aliunga mkono Ujamaa au aliupinga? Swali hilo linaidhulumu riwaya. Tumaini alifuja urithi kabla ya kutajirika, na hata tukimhurumia hatuwezi kumfanya shujaa wa nafsi huru. Kasoro iko kwingine. Mtu na jamii wanasukumwa hadi pembe mbili tu, kutii au kuua, kana kwamba baina yake hapaishi mtu.

Msomaji wa Magomeni, Kinondoni, au wa Tandika, Temeke, ana haki ya kulitilia shaka jambo hilo. Mtaani kwake alikuwapo balozi wa nyumba kumi, jicho la TANU na baadaye la CCM, ambaye bila barua yake shida nyingi za ofisini hazikusogea. Lakini jicho hilo lilikaa baraza moja na watazamwa. Likasuluhisha ndoa zao, likawazika wafu wao. Na mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi ilipowakamata wasio na kitambulisho cha kazi na kuwapeleka mashambani, wengi walirejea mjini kimyakimya. Hawakutii, wala hawakumwaga damu. Waliitikia kwa mdomo, miguu ikafuata njia yake.

Gamba la Nyoka (1979) ndiyo riwaya inayoukaribia ujanja huo. Wanakijiji wanahamishwa kwa nguvu kwenda kijiji cha Ujamaa, na kejeli ya mwandishi haiwaachi wahamishaji wala wahamishwao. Jina lenyewe lina shaka ndani yake, maana nyoka akishavua gamba hubaki nyoka. Ni hapa, katika kicheko, ambapo ile pumzi ya Kichomi inasikika ndani ya nathari yake; mhusika anapata upenyo ambao Tumaini hakuuona. Ila kicheko hicho ni cha kijijini. Dar es Salaam, alikofundisha Chuo Kikuu na alikofariki Januari 2020, haikupata kutoka kwake riwaya ya balozi na mpangaji, wakitazamana uani kila asubuhi, kila mmoja akijua anachofichwa.