Pete, Si Uvimbe

Kitovu cha mtoto wa miezi sita kimetokeza, na kila akilia kinazidi kutuna. Nyahanga, pale Kahama, kama kwingineko Kanda ya Ziwa, hatakosekana wa kushauri sarafu ifungwe juu yake kwa kitambaa. Sarafu haizibi kitu. Inachubua ngozi na kuleta usaha. Daktari naye, akijua ni ngiri ya kitovu, hakimbilii kisu. Anausukuma uvimbe taratibu urudi ndani, kisha anapapasa kwa ncha ya kidole ukingo wa tundu ambalo lilitakiwa kujifunga kitovu kilipodondoka. Pete hiyo ndiyo inayoamua, wala si ukubwa wa kinachoonekana nje. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Mtoto akipita umri huo pete ikiwa bado wazi, hasa ikizidi sentimita 1.5 hivi, anapangiwa siku ya upasuaji.

Mkato hupinda chini ya kitovu, ndani ya mkunjo wa ngozi, kovu lisionekane. Kifuko cha ngiri hutenganishwa na ngozi, kikafunguliwa ili kuhakikisha hakuna utumbo ulioshikamana nacho, ndipo kinapunguzwa. Kingo za utando mgumu wa tumbo hushonwa kwa mlalo, kwa nyuzi zinazoyeyuka. Mwaka 1901 William Mayo wa Marekani alieleza namna ya kulaza ukingo mmoja juu ya mwenzake. Kwa mtoto hiyo ni kazi ya ziada. Ukingo kwa ukingo unatosha, na wavu wanaowekewa watu wazima hauhitajiki.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwa mtu wa usingizi. Dawa ya ketamini inapendwa pasipo na mashine nzuri kwa kuwa mtoto kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Lakini hujaza mate mdomoni, tena hailegezi misuli: tumbo likikaza, utumbo unasukumwa kwenye tundu huku mpasuaji ameshika sindano. Hapo aongezewe dawa, apewe gesi ya usingizi, au mpasuaji asubiri.

Kuna mshono mmoja ambao mwenye haraka huuruka: ule unaoishusha ngozi ya kitovu hadi kwenye utando. Bila huo pete imeshafungwa, ila ngozi inaning'inia, na mama ana haki ya kudhani hakuna kilichofanyika. Shashi iliyokunjwa hukandamizwa juu yake damu isijikusanye. Mambo yakienda vizuri, jioni wako nyumbani.

Kungoja nako kuna mpaka. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi, na mtoto anatapika, utumbo umenaswa. Umri hauulizwi tena. Ni hospitali usiku huohuo. Utumbo uliokufa hukatwa na ncha zake kuunganishwa. Pasipo na mtu wa kumfanyia mtoto kazi hiyo, safari ni ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na kabla gari halijawashwa awe ameshawekewa dripu na mpira wa puani wa kutoa yaliyojaa tumboni.