Sikio la Mkaangaji

Huko Japani, kahawa ya arabika itokayo Tanzania, ukiondoa ya Bukoba, huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Basi buni zilizochumwa Mbaga, Vunta au Usangi, huku Upare, zikapita Moshi kukobolewa na kupigwa mnada, hufika Tokyo zimeshavikwa mlima wa jirani. Sina ugomvi na Wachaga. Kahawa kwao ina historia ndefu, tangu mapadri walipoipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Ninachotaka ni kwamba kahawa ya Upare ipate pia wanywaji wanaoijua huku nyumbani.

Ukisimama Same mjini huwezi kudhani kuna mbuni karibu. Ni vumbi, migunga na jua la tambarare. Panda gari la Mwembe kuelekea Mbaga, na baada ya kona kadhaa hewa inabadilika: migomba, ukungu, mifereji itokayo kwenye ndiva, yaani mabwawa ya maji waliyochimba wazee, na chini ya migomba hiyo, mibuni. Juu zaidi ni msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462. Baridi ya huko huchelewesha tunda kuiva, na tunda linalochelewa hujenga buni ngumu, nzito, yenye utamu na uchachu wa kupendeza. Kazi yote ya mkulima, kuchuma yaliyoiva tu, kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika na kugeuza, ni ya kuulinda utamu huo. Kisha gunia linafungwa na kuondoka, na aliyeulinda haujui ulimini.

Wapo wasioinywa kahawa kwa imani. Waadventista Wasabato walifika Upare Kusini mwaka 1903, wakaota mizizi, na mafundisho yao huwaasa waumini wajiepushe na kahawa. Nawaheshimu. Wengine wote, nadhani, tumezoea tu. Mgeni akifika tunamchemshia chai, au tunamletea maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, huku gunia la buni limeegemea ukuta wa chumba cha pili.

Ndiyo maana ninamsifu mama mmoja wa Mbaga anayekaanga kahawa jikoni kwake. Hana kipimajoto wala saa. Ana kikaango kizito cha chuma, mwiko mrefu na kuni chache ambazo huzisogeza na kuzirudisha bila kukoma. Kwanza anachambua: zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na nyeusi zinatupwa. Zilizobaki, za kijani kilichopauka, zinaingia motoni. Harufu ya majani makavu inatangulia. Zinapogeuka manjano, jiko zima linanukia mkate. Mwiko haupumziki, maana buni ikilala upande mmoja itaungua nje na kubaki mbichi ndani.

Halafu zinaanza kupasuka, ta, ta, kama bisi. Hapo mama huinamisha kichwa, na ukimsemesha atakwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Anasikiliza. Milio inasongamana, kisha inaachana, na katika kuachana huko ndiko anakoamua. Akizidisha kidogo tu, utakuja mlio wa pili, mwepesi na wa haraka, mafuta yatatoka juu ya buni na uchachu ule wa milimani utageuka uchungu. Watu wa Tanga wanaupenda uchungu huo, wanauteremsha kwa kashata, nao wana ufundi wao. Buni ya Mbaga, kwa maoni yangu, inastahili kuepuliwa mapema.

Zikishaepuliwa bado zinajipika zenyewe kwa joto lake, kwa hiyo anazimwaga kwenye ungo na kupepeta haraka. Makapi membamba yanapeperuka hadi mlangoni. Rangi inayobaki ni hudhurungi, kavu, bila kung'aa.

Kahawa ya namna hii inunue kidogo kidogo, na uitumie ndani ya wiki chache. Usiisage yote, saga ya kikombe chako, hata kwa kinu na mchi, kwa sababu ikishasagwa harufu haina tena pa kujificha. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, lakini yakiwa yametulia. Utaona unga unaumuka na kutoa povu: ni hewa iliyofungiwa ndani ya buni wakati wa kukaangwa, na kahawa iliyokaa muda mrefu dukani haiumuki hivyo. Siku ileile ya kukaangwa ladha huwa bado na ukali. Baada ya siku mbili tatu inatulia na utamu unajitokeza.

Wengi watakushauri utie tangawizi, na tangawizi ya Mamba Myamba kweli ni kali na nzuri. Mimi naitia kwenye kikombe cha pili. Cha kwanza nakinywa bila kitu, hata sukari.