Mizani ipi? Maneno ya mazingira katika madrasa

Inapojadiliwa elimu ya mazingira katika madrasa za Afrika Mashariki, mfano utajwao mara nyingi ni wa Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kilichotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Huko shirika la CARE na taasisi ya IFEES ya Uingereza, aliyoiasisi Fazlun Khalid, zilishirikiana kufundisha hifadhi kwa misingi ya dini. Misingi aliyoieneza Khalid ni minne: tauhidi, fitra, mizani na khilafa. Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudani Kusini, twaiheshimu kazi hiyo. Lakini tuna neno juu ya lugha yake.

Maneno hayo yaliingia katika Kiswahili zamani, nayo yana maisha yake. Mtoto asikiapo fitra hukumbuka zaka ya fitri ya mwisho wa Ramadhani, wala si maumbile aliyoumbiwa mwanadamu. Khalifa kwake ni kiongozi wa tarika. Na mizani? Katika nchi hii ya Arua na Koboko, iliyolima tumbaku miaka mingi, mizani ni chombo cha kupimia mzigo siku ya mauzo. Ajabu ni kwamba somo liko papo hapo. Tumbaku ile ilikaushwa kwa moto wa kuni, na miti iliyoteketea haikupandishwa juu ya mizani kamwe. Mwalimu afasiriye Sura ya 55, Ar-Rahman, itajayo mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na aanzie kwenye tumbaku, kisha apande. Akianzia kwenye istilahi atavuna kariri tupu.

Hata Misali, kwa maoni yetu, nguvu yake ilikuwa kwingine. Wenyeji hulihusisha jina la kisiwa na msala, kwa kisa cha Nabii Hadhara aliyekifanya kuwa msala wake. Nani atauchafua msala?

Neno mazingira lenyewe latokana na kuzingira. Lataja vilivyotuzunguka, halisemi ni vya nani. Tungependa amana litangulie, kwani hakuna mtoto asiyejua kwamba amana hudaiwa.

Ipo pia hadithi, katika mkusanyo wa Ibn Majah, inayokataza kufuja maji ya udhu hata kando ya mto utiririkao. Birika li uani mwa madrasa, na Mto Kaya u mpakani hapa. Hadithi hiyo yafundishika kwa Kiswahili, na kwa Kinubi vilevile, bila istilahi hata moja.