Dubu Anapotoa Mkono Mwenyewe

Nje ya mji wa Agra, India, si mbali na Taj Mahal, kuna jiko ambalo kila siku hupika uji wa nafaka mchanganyiko kwa masufuria makubwa, pamoja na asali na mayai. Mama yeyote wa kwetu aliyewahi kumkorogea mwanawe uji wa lishe angeutambua kwa harufu. Wanaousubiri ni dubu: weusi, manyoya marefu yaliyotimka, kifuani alama nyeupe inayofanana na herufi V.

Dubu wa aina hii ni mla mchwa, kama mhanga wa huku kwetu. Meno mawili ya mbele ya juu hana kwa maumbile, na pengo hilo ndilo chombo chake cha kazi: huziba matundu ya pua vumbi lisiingie, akachomoza midomo, akavuta mchwa kwa pumzi kutoka ndani ya kichuguu. Pua na midomo yake vina hisia kali mno.

Na hapo hapo ndipo walipomtoboa. Kwa mamia ya miaka watu wa jamii ya Kalandar walizunguka mijini na vijijini na dubu wa kucheza. Mtoto wa dubu alichukuliwa porini, mara nyingi baada ya mama yake kuuawa, akapitishwa chuma cha moto puani bila ganzi, kisha kamba. Meno ya chonge yakavunjwa. Kile watazamaji walichokiita ngoma kilikuwa mnyama anayejiinua ili kamba isimuume. Sheria ya India ya mwaka 1972 iliukataza mchezo huo, lakini kamba ziliendelea kuvutwa kwa miongo mitatu na zaidi.

Shirika la Wildlife SOS, lililoanzishwa mwaka 1995 na Kartick Satyanarayan na Geeta Seshamani, lilielewa jambo ambalo wapenda wanyama wengi hulisahau: dubu yule alikuwa sahani ya chakula ya familia maskini. Kwa hiyo Mkalandar aliyemsalimisha dubu wake alisaidiwa kuanza kazi nyingine, na watoto wakasaidiwa kwenda shule. Wengine waliajiriwa kuwatunza dubu hao hao. Kituo cha shirika hilo huko Agra, chenye lile jiko la uji, kilipokea dubu wake wa kwanza mwaka 2002. Mwaka 2009 akasalimishwa Raju, anayehesabiwa kuwa dubu wa mwisho wa kucheza nchini India. Waliookolewa kwa jumla wamepita 600.

Kuikata kamba ni kazi ya muda mfupi. Daktari wa wanyama humlaza dubu kwa dawa ya usingizi, akaivuta taratibu kamba iliyogandamana na nyama, akasafisha usaha na kukagua mizizi ya meno yaliyovunjika. Kisha karantini na vipimo, hasa vya kifua kikuu. Kazi ninayoistahi zaidi huanza baada ya hapo, na haina siku ya kwisha.

Dubu aliyefungwa miaka mingi huendelea kwenda na kurudi hatua zile zile, akitikisa kichwa, hata akipewa uwanja wenye miti na bwawa. Kamba imetoka puani, kichwani bado ipo. Mtunzaji hamkemei wala hamlazimishi. Humfichia asali kwenye matundu ya magogo, humpa udongo wa kuchimba na majukwaa ya kupanda, na joto la Agra linapopita nyuzi 40, humletea matunda yaliyogandishwa kwenye barafu. Siku moja dubu husahau kutikisa kichwa kwa sababu anatafuta kitu.

Tazama jinsi wanavyomtoa damu ya vipimo. Dubu huzoezwa kusogea kwenye wavu mwenyewe, analambishwa asali. Baadaye anajifunza kupitisha mkono kwenye nafasi iliyowekwa. Mtunzaji anaugusa kwa kidole, basi, na asali. Siku nyingine ananyoa manyoya kidogo. Siku nyingine bomba la sindano lisilo na sindano linagusa ngozi. Sindano yenyewe huja mwisho kabisa, na mkono haujashikwa na mtu: akitaka kuurudisha, anaurudisha, na kazi inaanza upya kesho. Kumbuka ni mnyama gani huyu, na chuma kilimfanyia nini utotoni. Sijui ufundi mwingine wa mikono ninaouheshimu kuliko huu.

Akiridhika, dubu huyu hunyonya kiganja chake huku akivuma kama mzinga wa nyuki. Mtunzaji aliyekaa naye muda mrefu hulisikiliza vumo hilo kama mama anavyosikiliza usingizi wa mtoto.

Porini hawawezi kurudi. Meno ya chonge hawana, na wengine ni vipofu. Mwaka 2017 dubu wawili wa mwisho waliojulikana kuchezeshwa Nepal waliokolewa, Rangila na Sridevi. Sridevi alikufa. Rangila aliletwa Agra mwaka uliofuata. Sasa wengi kituoni ni wazee, na kazi kubwa ya watunzaji ni dawa za viungo, matone ya macho, na uji uliolainishwa zaidi kwa wasioweza kutafuna.